Jani la Kuletewa

Kaka yangu Nathanaeli aliacha kula Chakula cha Bwana mwaka ule alipohamisha mpaka, na kwa kuwa ni mzee wa kanisa anayeheshimika, ilibidi atafute namna ya kuacha bila watu kumshtukia. Namna aliyoipata ni jenereta. Kila Jumapili ya meza, mchungaji akishaanza kuandaa mkate na divai, Nathanaeli anainuka taratibu kwenye benchi la wazee, anafunga kifungo cha koti, anatoka kwa mlango wa pembeni kwenda kuangalia jenereta. Umeme usipokuwepo anakwenda. Umeme ukiwepo anakwenda vilevile. Washarika walimwona mtu anayejitoa sana kwa mali ya kanisa. Mimi dada yake nilimwona mtu anayemkimbia Mungu akiwa na bisibisi mfukoni.

Niseme mapema mimi ni nani, maana nina mdomo, na sitaki mtu adhani namsema kaka yangu kwa chuki. Naitwa Rachel. Nashona majoho ya kwaya hapa mjini, Kijenge. Nilizaliwa katikati ya wanaume wawili: Nathanaeli ni mkubwa wangu, na Ndesanjo ndiye kitindamimba wetu. Nathanaeli alibaki nyumbani, mlimani Meru, juu ya Usa River, kwenye kahawa na migomba ya baba. Ndesanjo alishuka mjini akajifunza kuchomelea, na sasa ana karakana yake ya mageti kule Themi.

Shamba aliligawa baba mwenyewe akiwa hai, na katikati akapanda safu ya isale. Isale ni ule mmea wa majani marefu ambao kwetu una kazi mbili. Kwanza ni mpaka: ukiupanda, umesema pangu panaishia hapa. Pili ni msamaha. Ukimkosea mtu, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unamvuta kondoo, unakwenda navyo hadi kwa uliyemkosea. Na yeye akishaliona jani mkononi mwako, hana ruhusa ya kukataa. Hata watoto wa kwetu wanalijua hilo kabla hawajajua kuandika majina yao.

Sasa Nathanaeli aliing'oa ile safu. Ndesanjo alikuwa amelazwa kwa mguu uliovunjika, geti lilimwangukia kazini. Alipopata nafuu ya kutembea, akapanda mlima kusalimia, akakuta isale zimesogea upande wake, zimeipita ile mikahawa ambayo mama aliipanda siku chache baada ya kumzaa yeye. Tangu utoto wetu tuliiita kahawa ya Ndesanjo. Nathanaeli akamwambia, bila kumtazama machoni, kwamba huo ndio mpaka wa baba. Na kijijini akaeneza kwamba Ndesanjo ndiye aliyeusogeza zamani kimyakimya, yeye anarudisha tu kilicho chake. Wengine waliamini, wengine hawakuamini, na wengi waliona ni ugomvi wa ndugu wakaamua kutazama pembeni.

Kilichomsukuma sikijui hadi leo. Nadhani ni wivu. Mama alimpenda mno Ndesanjo, na alimpenda waziwazi.

Ndesanjo hakumshtaki barazani, wala hakwenda kwa wazee wa ukoo, ingawa sote tulijua angeshinda asubuhi na mapema. Aliacha tu kuja nyumbani. Sisi wengine tukangoja Nathanaeli apeleke jani Themi. Tukangoja hadi tukachoka. Mwishowe nikamwendea mwenyewe nikamwambia kwa upole ninaoujua mimi, yaani tuligombana mpaka wifi yangu Eunike akaacha kuni zinateketea bure akaja kutuamua.

Nathanaeli alinijibu kwa Biblia. Akasema mambo ya isale na kondoo ni ya mababu, damu ya Yesu imeshamaliza habari ya kondoo, na yeye mzee wa kanisa hawezi kurudi kwenye matambiko. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na ndiyo maana yaliniudhi. Alijificha nyuma ya ukweli kama mtoto anavyojificha nyuma ya kanga ya mama yake, miguu yote inaonekana.

Lakini aliteseka, na hilo lazima niliseme. Alikuwa mtu wa utani, akawa mtu wa kuguna. Eunike alininong'oneza kwamba ile kahawa aliyoipora hajathubutu kuchuma hata punje moja. Inaiva, inakuwa myekundu, inadondoka chini, ndege wanakula. Anakwenda kuitazama jioni, anarudi ndani, chakula anakisukuma pembeni. Nami nilitaka kitu kimoja tu maishani mwangu: kuwaona kaka zangu wawili wamepiga magoti pamoja kwenye ile meza kabla hatujaanza kuzikana. Nilimwomba Mungu hilo hadi nikaona aibu kuomba tena.

Mwaka huu, Juma la Mateso, Ndesanjo aliingia dukani kwangu majoho ya Pasaka yakiwa yamenizunguka hadi mlangoni. Akaniomba nimsindikize Oldonyo Sambu, kwenye mnada wa mifugo, anataka kondoo. Alisema yeye anajua chuma tu, mnyama wa kweli namjua mimi. Nikadhani ni kitoweo cha sikukuu. Nikaacha majoho, maana kusifiwa kunanipeleka popote.

Upande ule wa mlima ni wa vumbi hata kwetu kukiwa na tope. Tulimkuta mama mmoja, Nalepo, kajitanda shuka, ana kondoo wazuri. Nikamsalimia kwa Kimaasai, takwenya, akaitikia iko, tukaanza kuchagua. Mimi nilimshika dume mnene mwenye sikio lililochanika; mchuzi wake nilishauona sufuriani. Ndesanjo akakataa. Akakataa na mwingine aliyechechemea kidogo. Akaenda moja kwa moja kwa kondoo mweupe asiye na doa wala kovu, akamkagua meno, kwato, macho, kama mtu anayekagua geti kabla ya kulikabidhi. Nalepo akaacha kuzungumza na wenzake.

“Huyo si wa kula tu,” alisema. “Huyo ni wa amani. Umemkosea nani, baba?”

“Sijamkosea mtu, mama. Mimi ndiye niliyekosewa.”

Nalepo alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akamnyang'anya Ndesanjo kamba ya kondoo mkononi. Akamweleza, kwa subira kama anayemfundisha mgeni, kwamba mwenye kosa ndiye anayeleta kondoo. Arudi nyumbani akae kwenye kiti chake angoje. Huyo mkosaji aje hapa yeye mwenyewe, naye atamuuzia. Nami nikawa naitikia kwa kichwa, maana hapo ndipo nilipoelewa tumekuja kufanya nini, na nilikuwa upande wa Nalepo kabisa.

“Nimemngoja,” Ndesanjo akasema. “Yeye ndiye aliyenikosea. Lakini mimi ndiye ninayemkosa.”

Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa Nalepo. Akaniuliza mdogo wangu amesemaje. Nikayarudia maneno yale polepole. Nalepo akatutazama mmoja mmoja. Akamrudishia Ndesanjo kamba, akamtemea yule kondoo mate ya baraka kichwani kama wafanyavyo kwao, kisha akageuka kuhudumia watu wengine.

Tulikuwa tumekodi Noah, na dereva hakuwa na taabu kupakia kondoo; alisema gari lenye jina la Nuhu haliwezi kumkataa mnyama. Mimi sikucheka. Njia nzima hadi mjini nilimshukia Ndesanjo. Nilimwambia anaharibu mila na anaharibu haki, kwa pamoja, jambo ambalo watu wengi hawaliwezi. Nilimwambia Nathanaeli atajiona ameshinda. Nilimwambia kuna watu wanasamehe na kuna watu wanajidhalilisha, na afadhali ajue mapema yuko kundi gani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

“Kaka hawezi kuja, dada,” alisema. “Aibu imemfunga miguu. Mimi wangu umepona.”

Tulipofika Kijenge akaniomba jani moja la isale kutoka getini kwangu. Nikamwambia achume mwenyewe, mkono wangu hautashiriki. Akachuma, akalifunga fundo katikati, akaliweka kwenye maji lisinyauke. Kondoo akaenda kulala Themi, na nikasikia baadaye kwamba alimaliza mchicha wote wa jirani.

Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka, tukapanda mlima. Nilikuwa nimepanga gari litufikishe hadi uani kwa Nathanaeli, tuingie, tufunge mlango, mambo yaishe kifamilia. Lakini mvua za masika zilikuwa zimeipiga njia, na Noah ikazama kwenye tope hata kanisani hatujafika. Dereva akaomba radhi. Ikabidi tutembee.

Ndesanjo alitangulia. Mkono wa kulia kashika jani, kaliinua wazi kama desturi inavyotaka, mkono wa kushoto kamba ya kondoo, na ule mguu wake ukivuta kidogo kwenye utelezi. Mimi nyuma na kikapu cha sukari na majani ya chai. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukifikiria hata mara moja, pamoja na kusema kwangu kote. Mtu anayepita barabarani na jani na kondoo hahitaji kueleza chochote. Kila anayemwona anajua: huyu ndiye mwenye kosa.

Wanakwaya walikuwa wanakwenda mazoezini. Nusu yao nimewashonea majoho mimi. Walitusalimia, shikamoo dada Rachel, wakaliona jani, wakanyamaza. Mama Angel alikuwepo, sauti ya pili ya kwaya na sauti ya kwanza ya kijiji kizima.

“Kumbe,” alimwambia mwenzake, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya chini vya kutosha. “Kumbe ni Ndesanjo.”

Mjuao Kiswahili mnajua neno hilo linabeba nini. Ndani ya hiyo kumbe moja mlikuwa na mpaka, na kahawa, na miaka yote ambayo Nathanaeli alimsingizia mdogo wake, na sasa imethibitika. Mwingine akaipokea, kumbe. Ikapita mdomo kwa mdomo hadi mwisho wa msafara. Damu ilinichemka. Nilisimama katikati ya njia nikavuta pumzi ya kuwaambia ukweli wote, kwa mpangilio, kuanzia siku geti lilipoanguka.

“Dada, nyamaza,” Ndesanjo akasema bila kugeuka.

“Wanasema mwizi ni wewe.”

“Nimewasikia.”

“Na unawaacha?”

“Jani nimelibeba mimi. Waache waone wanachokiona.”

Nikanyamaza. Kwaresima nzima sikufunga kula hata siku moja, lakini kipande kile cha njia, kutoka pale hadi kwa Nathanaeli na mdomo umefungwa, naamini kilihesabiwa. Nilimtazama mdogo wangu mgongoni. Shati lake la sikukuu lilikuwa limerukiwa na tope. Watu walikuwa wanamwonea huruma, ile huruma ya kumwonea mkosaji, naye aliivaa kama ni yake. Nilijisikia kulia na kupiga mtu kwa wakati mmoja.

Kwaya ilisahau mazoezi ikatufuata. Tulipoingia uani tulikuwa umati.

Nathanaeli alikuwa amekaa kibarazani kwenye kigoda, anasafisha plagi ya jenereta la kanisa kwa ajili ya kesho. Mikono yote myeusi kwa oili. Akainua kichwa kuona ni kelele gani, akamwona Ndesanjo, akaliona jani, akamwona kondoo. Akasimama nusu, akakaa, akasimama tena. Eunike alitokea mlango wa jikoni, upawa mkononi.

Na kwa kuwa ukimya ni kitu ambacho Mama Angel hawezi kukivumilia, akasogea mbele akafanya kazi ya mshenga ambayo hakutumwa.

“Mzee Nathanaeli, mpokee mdogo wako,” alisema. “Amekosa, amekuja. Jani halikataliwi.”

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikamtazama Ndesanjo asahihishe. Hakusahihisha. Alisimama tu na lile jani, mvua nyepesi imeanza kumdondokea.

Naomba nieleze vizuri kilichokuwa mbele ya kaka yangu wakati ule, maana kilikuwa kikubwa. Alichohitaji kufanya ni kunyoosha mkono na kusema nimekusamehe. Maneno hayo tu. Mpaka ungekuwa wake, kahawa ingekuwa yake, jina lingekuwa safi, kesho angekula Chakula cha Bwana kifua mbele na kijiji kingemsifu kwa moyo wake mpana. Waliojua ukweli tulikuwa wachache, wote ndugu, na ndugu tungenyamaza tusivunje nyumba. Niliuona mkono wake unainuka. Nikaanza kumchukia kabla haujafika.

Ukashuka.

“Hilo jani si lake,” Nathanaeli alisema. Ilikuwa sauti ndogo sana, Mama Angel akamwuliza amesemaje. “Nimesema hilo jani si lake. Ni langu. Mpaka niliuhamisha mimi, yeye akiwa kitandani hospitali. Halafu nikamsingizia.”

Safari hii hakuna aliyesema kumbe. Mama Angel aliutazama mtandio wake kama anautafutia doa. Eunike akafumba macho, na nilijua anashukuru, kwa sababu mimi pia nilikuwa nashukuru.

Lakini Nathanaeli hakulipokea jani. Alishuka ngazi akamwomba Ndesanjo arudi Themi na jani lake na kondoo wake, akae nyumbani, angoje. Yeye atakwenda Oldonyo Sambu sasa hivi, atatafuta kondoo mkubwa kuliko huyu, ataleta mwenyewe hadi mlangoni, hata kwa miguu, hata usiku umkute njiani. Alikuwa anaongea haraka, anatafuta kofia yake, ameshaivaa, anamwuliza Eunike fimbo iko wapi. Mtu mzima mwenye mvi, anahangaika kama mwanafunzi aliyechelewa mtihani.

“Kaka,” Ndesanjo akamwita. “Wako akija, huyu wa kwangu atakuwa wa nini?”

Nathanaeli akasimama palepale. Akaivua kofia polepole. Mimi nilikumbuka yale aliyonijibu siku tulipogombana, kwamba habari ya kondoo imeshamalizwa, na nilimwona na yeye anayakumbuka. Alikuwa ameyasema miaka yote ili kufunga mlango, na sasa maneno yaleyale yalikuwa yanaufungua, naye yuko upande wa ndani.

Akanyoosha mikono yote miwili, mmoja juu ya mwingine, kama mdogo anavyopokea kitu kwa mkubwa, ingawa mkubwa ni yeye. Ndesanjo akaliweka jani pale. Oili ikalipaka jani madoa meusi. Nathanaeli akalia bila kujificha, na Ndesanjo akamshika mabega, na kondoo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameshika kamba tena, akaenda kula maua ya Eunike.

Nimesikia mahubiri ya Ijumaa Kuu tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Sasa naweza kusema nilivyokuwa nikiyaelewa, maana nadhani siko peke yangu. Nilidhani Mungu alikuwa amekaa kwenye kiti chake amekasirika, anangoja aletewe, na msalabani ndipo alipoletewa cha kumtuliza. Haikunipitia akilini kwamba mwenye kuletewa ni sisi. Kwamba aliyekosewa ndiye aliyeinuka kwenye kiti, akatafuta kondoo asiye na doa nyumbani kwake mwenyewe, akashika jani la mkosaji, akapita nalo barabarani watu wakisema kumbe. Nililiona hilo Jumamosi, kwenye tope, likiwa na mguu unaochechemea. Mchungaji akitaka kunisahihisha anisahihishe, lakini aniletee na mfano wake.

Yaliyobaki yalikuwa furaha tupu. Jirani alimchinja kondoo. Kaka zangu wakala ini kwa kisu kimoja, wakipokezana, na kwaya ikafanya mazoezi yake hapohapo uani huku nyama ikichomwa. Mama Angel aliimba vizuri siku hiyo, na alikula vizuri zaidi. Alinisogelea akaniuliza mbona sikumwambia pale njiani. Nikamjibu kwamba nilikatazwa, na kwamba kukaa kimya kulinigharimu kuliko kitu chochote nilichowahi kutoa kanisani. Akasema anaelewa. Namwamini, maana na yeye ana ugonjwa huohuo.

Mvua ilipokata, wale wawili wakachukua majembe wakaenda kurudisha isale. Haukupita muda tukasikia wanagombana. Nikakimbia, roho juu. Nikakuta Nathanaeli ameirudisha safu hadi mahali alipoiweka baba, kisha hakusimama. Ameendelea kuisogeza ndani ya shamba lake mwenyewe, anampa Ndesanjo na migomba juu. Ndesanjo anaing'oa, anairudisha. Nathanaeli anaing'oa, anaisogeza. Wanafokeana kwa Kimeru, maneno ya utotoni ambayo sikuyasikia tangu baba afe, na wote wawili wamejaa tope hadi kwenye nyusi. Niliketi kwenye jiwe nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Hawakukubaliana. Mpaka wetu ukabaki na tumbo, umebinuka kuingia upande wa Nathanaeli pale penye kahawa ya Ndesanjo, halafu unanyooka. Kijijini hakuna mpaka mwingine uliopinda hivyo, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Ndesanjo alilala nyumbani, kwenye chumba chake cha zamani.

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilifurika. Kwaya ilivaa majoho yangu mapya na kinanda kilikuwa kinanguruma hadi madirisha yanaitikia. Mchungaji alipofika mezani, akaanza kuandaa mkate na divai, umeme ukakatika. Kinanda kikafa katikati ya wimbo. Kipaza sauti kikafa. Na kanisa zima, kwa mazoea, likageuza shingo kumtazama Nathanaeli.

Nathanaeli aliinuka kwenye benchi la wazee. Akafunga kifungo cha koti. Akautazama ule mlango wa pembeni, uliokuwa wazi, na nje jenereta limekaa na plagi yake safi linamngoja. Kisha akatembea kwenda mbele, akapiga magoti pembeni ya Ndesanjo, akaweka mkono mmoja juu ya mwingine. Nilikuwa nyuma yao kwenye foleni. Kucha zake bado zilikuwa na udongo wa mpaka na weusi wa oili. Vilikuwa vimegoma kutoka.

“Mwili wa Bwana wetu Yesu Kristo, uliotolewa kwa ajili yako,” mchungaji akasema kwa sauti yake ya kawaida.

Kaka yangu ni mtu ambaye akiombea chakula, chakula kinapoa. Kwa kuwa hakukuwa na kinanda wala spika, nilimsikia vizuri alichojibu, na hakikuwa amina.

“Nimeletewa,” alisema, akala.

Kwaya ikaimba bila kinanda, mikono mitupu, hadi mwisho wa ibada. Jenereta hakuna aliyekwenda kuliangalia.